Nyota ya Pili Juu ya Lango

Mzee Mpima alikutwa amelalia meza yake ya kazi, shavu juu ya daftari, miwani ingali puani. Ungedhani kapitiwa na usingizi. Ila kisogo kilikuwa kimepasuka, na hadubini nzito ya chuma iliyompasua ilikuwa imesimama wima pembeni yake, imefutwa.

"Nani amegusa kitu humu?" Inspekta aliuliza kabla hajavuka kizingiti.

"Hakuna, Afande," alijibu Sajenti. "Mkamwana wake ndiye aliyemkuta, saa tisa. Alikuwa anatoka kliniki na mtoto. Anasema alimshika bega tu."

"Na damu kwenye gauni lake?"

"Ndiyo hiyo ya kwenye bega, anasema."

Kituoni walimwita Inspekta huyo Pia, ile ya kuchezea watoto, maana hakujua kutulia. Kabla mpiga picha hajafungua mkoba wake, alikwisha kukizunguka chumba mara tatu. Kabati la droo nyembamba, ishirini na nne. Ndani ya kila droo, trei yenye vyumba vidogo vilivyotandikwa kitambaa. Ndani ya kila chumba, sarafu ya shaba iliyo ndogo kama kifungo cha shati, na kikaratasi chenye mwandiko ulionyooka. Marehemu alipima ardhi miaka thelathini na tano, na kila jioni alihamishia vipimo vyake kwenye sarafu za Warumi wa zama za mwisho. Upande mmoja kichwa cha Kaizari, upande wa pili askari, au shada la majani, au lango la kambi. Dirishani palikuwa na chupa za maji safi, na humo sarafu nyingine zilikuwa zinatoa taratibu udongo wa miaka elfu moja na mia saba.

"Zina thamani?" aliuliza.

"Nimeulizia. Nyingi hazizidi bei ya soda mbili," alisema Sajenti. "Mtu kafa kwa ajili ya vifungo, Afande."

Inspekta alipiga magoti kando ya dimbwi la damu lililoganda chini ya meza. Ndani ya ile damu mlikuwa na viduara vidogo, safi, visivyo na doa. Alivihesabu. Kumi na moja.

"Njoo uone. Hapa palikuwa na nini?"

"Sarafu," alisema Sajenti polepole.

"Na sasa ziko wapi?"

Zilikuwa juu ya meza, kwenye trei, kila moja chumbani mwake, vichwa vya Kaizari vyote vimenyooka. Mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi aligeuza moja kwa koleo ndogo. Chini yake damu ilikuwa imekauka. Akageuza ya pili, na ya tatu. Basi trei ilianguka, sarafu zikamwagika, damu ikazizunguka. Kisha mtu akainama, akaziokota moja moja, akazirudisha kwa kufuata vikaratasi bila kukosea hata moja.

Vyumba viwili tu vilikuwa vitupu. Kimoja kiliandikwa: "Lango la kambi, nyota mbili. Ya pekee." Sarafu hiyo haikuonekana popote. Sarafu ya chumba cha pili ilikuwa ndani ya chupa ndogo yenye mfuniko, imewekwa peke yake kwenye mchele mkavu, mwisho kabisa wa meza. Ilikuwa na unga wa kijani hafifu, na damu ukingoni. Mchele ulikuwa mweupe, na chupa haikuwa na alama ya kidole chochote.

"Muuaji amekaa hapa muda gani?" Sajenti alishangaa.

"Wa kutosha kupanga sarafu. Na hilo linanikera kuliko hicho kisogo."

Mkuu wa Upelelezi hakukerwa na lolote. Hadi jioni ya Ijumaa hiyo alikuwa na mtu wake. Shina la hadubini lilifutwa, lakini kwenye kitako zilibaki alama za vidole vya mkamwana. Damu ilikuwa kwenye gauni la mkamwana. Na jirani alikula kiapo kwamba Jumatano alimsikia mzee akimpigia kelele, "Umeniua! Umeniua wewe!"

"Yeye ndiye anayepangusa vumbi chumba kile, Mkuu," alisema Inspekta. "Ungekuta vidole vya nani?"

"Jumatatu saa mbili asubuhi anapanda kizimbani."

"Mauaji hayana dhamana. Ana mtoto wa miezi mitano, ananyonya."

"Basi ataingia naye mahabusu, au atamwachisha. Sheria haina titi, Inspekta."

"Nipe muda."

"Nimekwisha kukupa. Jumatatu saa mbili."

Jumamosi asubuhi mahojiano yalifanyika mtoto akiwa kifuani. Mume, dereva wa malori, aligeuza gari njiani na kurudi usiku kucha, na sasa alikuwa anangoja kwenye benchi la mapokezi na chupa ya maziwa ambayo mtoto aliikataa kabisa.

"Jumatano mligombania nini?" Inspekta aliuliza, anakwenda na kurudi mbele ya meza.

"Sarafu, Afande. Niliisafisha."

"Kusafisha ni kosa?"

"Hata mimi nilishangaa! Baba alikuwa anatimiza miaka sabini. Nikasema nimfurahishe. Nikachukua ile anayoipenda kuliko zote, ya nyota mbili, nikaisugua na limau na majivu mpaka ikawa kama pete mpya. Nilipomwonyesha akapiga yowe."

"Akasema umemuua."

"Akasema hivyo. Na akalia. Miaka minne niko nyumba ile, sijapata kumwona analia." Alimhamisha mtoto upande wa pili. "Halafu akaiweka kwenye hadubini yake mpya. Akaitazama, akaitazama. Jioni akanifuata jikoni, akaniambia, 'Mwanangu, nisamehe. Hukuiua wewe. Ilizaliwa imekufa.'"

"Alimaanisha nini?"

"Sikuuliza. Nimesamehewa, niulize nini tena?"

"Na limau na majivu, ulifundishwa na nani?"

"Daktari Jino, rafiki yake Baba. Alisema shaba inataka limau. Akasema nisimwambie mzee, iwe zawadi ya kumshtua."

Inspekta aliandika. Alipofika mlangoni, mwanamke alimwita.

"Afande. Jumatatu, kama sirudi, mtoto atakaa na nani?"

Inspekta hakuwa mtu wa kuahidi asichokuwa nacho mkononi. Alitoka bila kujibu, akajichukia njia nzima.

Daktari Jino alikuwa daktari wa meno kwa miaka arobaini. Rafu za zahanati yake zilijaa meno ya plasta, taya baada ya taya, kila moja na jina la mgonjwa. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na tulivu. Macho yalikuwa mekundu.

"Tulikuwa kama pete na kidole," alisema. "Tunanunua sarafu chafu, mfuko mzima. Mimi nasafisha kwa sindano zangu hizi za meno, kutwa nzima sarafu moja. Yeye anapima, anaandika. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jumanne, nyumbani kwake."

"Jana mchana?"

"Nilikuwa hapa. Nafunga saa sita, nakula, najinyoosha kidogo."

"Na nani?"

"Na haya meno, Afande."

Sajenti alicheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa anazunguka kiti cha wagonjwa.

"Mkamwana unamjua?"

"Binti mwema, ila mzito wa kuelewa. Mzee alinieleza kwa simu alivyoiharibu ile sarafu." Sauti ilipanda. "Shaba ya kale ina ngozi, Afande! Ile rangi nzito, kijani inayokaribia weusi, imejengwa na udongo kwa karne na karne. Ukiisugua na limau umeichuna. Mimi ningejing'oa meno yangu yote kabla ya kumruhusu mtu afanye hivyo."

Inspekta alisimama. "Yote?"

"Mpaka magego."

"Na kijani hafifu, ya ungaunga? Hiyo nayo ni ngozi?"

"Hapana! Huo ni ugonjwa. Chumvi inaingia ndani, shaba inajila yenyewe. Ukiiacha na wenzake inawaharibu. Unaitenga saa hiyohiyo, unaiweka pakavu. Mtu wa sarafu hawezi kuiona akapita, kama vile mimi siwezi kuona jipu la ufizi nikapita."

Garini Sajenti hakuweza kuvumilia. "Binti kamwambia asugue. Sisi anatuambia angejing'oa meno!"

"Au binti anadanganya."

"Wewe unaamini hivyo?"

"Mimi naamini kwamba mtu anayesugua sarafu kwa majivu haitengi ile yenye ugonjwa, huku mkwewe ametapakaa damu. Lakini Mkuu atasema ni neno la mtuhumiwa dhidi ya neno la daktari. Nataka sababu. Kwa nini mtu aiharibu sarafu anayoiabudu?"

Sababu ilikuwa ndani ya kamera ya marehemu. Jumatano jioni Mzee Mpima aliipiga picha sarafu ile kupitia hadubini, mara sita. Lango, minara miwili, nyota mbili juu yake. Inspekta aliikodolea macho hadi usiku wa manane asione kitu, akaamka na kichwa kinachouma. Lakini nyuma ya kile kikaratasi paliandikwa jina la kitabu, na mwandishi wa kitabu alikuwa mhadhiri wa historia, mtoto pekee wa Daktari Jino.

Mhadhiri alifungua mlango Jumapili saa tatu, kalamu nywele­ni, na wino kwenye kidole. Alipoiona picha, furaha yote ya kupokea wageni ilimtoka usoni.

"Nani ameisugua?"

"Nieleze unachokiona kwanza."

"Nyota ya kushoto kingo zake zimelika kwa umri, ni ya tangu zamani. Hii ya kulia ni kali. Imekatwa na sindano." Alionyesha kwa ncha ya kalamu. "Na ndani ya mkato kuna mabaki ya rangi. Ilipakwa ifanane na ngozi ya sarafu. Limau limeitoa. Zote tulizowahi kuziona zina nyota moja, Afande. Hata hii ilikuwa nayo moja."

Hakuonekana kushtushwa na nyota yenyewe hata kidogo. Inspekta aliliona hilo.

"Ulijua."

"Tangu mwaka juzi. Niliiazima wiki moja kwa ajili ya toleo jipya la kitabu changu."

"Na kitabu kimesimama juu ya nyota hiyo?"

"Lile la kwanza, ndiyo. Limenipa jina, limenipa kazi. Toleo jipya liko kiwandani sasa hivi. Nimeiondoa sura nzima na nimeeleza kwamba nilikosea."

"Ulimwambia baba yako?"

Mhadhiri alitazama pembeni. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nakaa naye akisafisha, sina rafiki mwingine. Siku moja akanipa lenzi, akasema, 'Hebu nitazamie, macho yangu yamechoka.' Nikaziona nyota mbili. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka! Alinibeba mabegani hadi kwa Mzee Mpima, njia nzima anawaambia watu, mwanangu kagundua kitu. Sasa mtu kama huyo, unamwambiaje kwamba umejua?"

Inspekta alikuwa na watoto wawili, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alitamani kwamba amekosea.

"Kwa nini unaniuliza habari za baba?" Mhadhiri alisema ghafla.

"Uje kituoni saa kumi," alisema Inspekta. "Tafadhali."

Alasiri hiyo meza ya chumba cha mahojiano ilipambwa kwa trei moja. Mtaalamu alikuwa amechukua damu yote aliyoihitaji, na kwa agizo la Inspekta aliirudisha ile sarafu yenye ugonjwa katika chumba chake, katikati ya wenzake. Kando ya trei aliweka chupa ya mchele. Mkuu wa Upelelezi alisimama nyuma ya kioo, mikono kifuani, kama mtu aliyelazimishwa kuangalia mazingaombwe.

Kwanza aliletwa mkamwana.

"Zitazame. Kuna iliyo mbaya?"

Aliinama, akatazama kwa nia njema kabisa. "Zote chafu, Afande. Labda hii," na kidole kikatua juu ya ile yenye unga. "Hii kijani yake inapendeza."

Akarudishwa. Kisha akaja Daktari Jino, na koti lake zuri.

"Tunataka utusaidie kuzitambua," alisema Inspekta. "Lakini kwanza haya ya kawaida. Ile simu aliyokupigia Mzee ilikuwa Jumatano?"

"Alhamisi."

"Saa ngapi?"

"Jioni." Macho yalikuwa kwenye trei.

"Aliongea kwa hasira?"

"Hapana... kwa huzuni."

"Jana ulisema unafunga saa sita. Kila siku?"

Vidole vyembamba vilikuwa vimeanza safari juu ya meza. Inspekta aliendelea kuuliza, akaenda dirishani, akarudi, akauliza tena. Mzee wa watu alikuwa anatokwa na jasho. Mwishowe mkono ulinyanyuka wenyewe, ukaishika ile sarafu ukingoni kwa ncha za kucha, ukaipeleka mbali na wenzake.

"Nani kairudisha hii humu?" alifoka. "Nilishaitenga!"

Alikuwa tayari anafungua chupa.

"Uliitenga lini?" aliuliza Inspekta.

"Ile... Jumanne."

"Jumanne Mzee Mpima alikuwa mzima. Sarafu hii tumeikuta na damu yake, ndani ya mchele usio na doa. Aliyeitia chupani aliitia damu ikiwa imekwisha kumwagika na kukauka."

Nyuma ya kioo Mkuu alishusha mikono. Daktari Jino aliitia sarafu kwenye mchele, akafunga mfuniko vizuri, akaisukuma chupa kando. Ndipo akakaa.

Inspekta alimsomea haki zake, Sajenti akafungua karatasi ya maelezo ya onyo.

"Kwa nini ulimwambia binti aisugue?"

"Mzee alinunua hadubini mpya. Alisema ataanza kuzipitia zote upya, moja moja. Nikajua ataiona. Nikafikiri limau na majivu vitazila nyota zote mbili."

"Na binti abebe lawama."

"Angegombezwa tu! Angelia siku moja, yakaisha."

Badala yake limau liliacha nyota mahali pake, likaondoa rangi iliyokuwa inaificha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia na ndoo yake.

"Ijumaa ilikuwaje?"

"Alhamisi aliniambia ameona. Nikaenda mchana, nilijua binti yuko kliniki. Hakunitukana, Afande. Heri angenitukana. Alisema, mwambie mwanao mwenyewe, nakupa mpaka Jumapili. Kitabu chake kinachapishwa tena, asije akaumbuka mbele za watu. Usipomwambia, nitamwambia mimi. Nikamsihi. Nilipiga magoti, mimi na umri huu. Akanigeuzia mgongo, akafungua daftari, akaandika tarehe." Alifumba macho. "Hamkumjua yule. Kitu akikiandika, kimekwisha. Hajapata kufuta mstari maishani mwake."

"Ukachukua hadubini."

"Nilikuwa nimevaa glavu tayari. Tulikuwa tunatazama sarafu."

"Baada ya hapo ukazipanga."

"Zilikuwa kwenye damu! Damu ina chumvi, chumvi inaua shaba. Zingeoza zote. Nisingeweza kuziacha vile."

Sajenti aliacha kuandika. Inspekta aliinamia meza, uso kwa uso, kwa hasira aliyoibeba siku tatu.

"Yeye je? Rafiki yako uliweza kumwacha? Na yule mwenye mtoto, kesho angepanda kizimbani na wewe unang'oa watu meno?"

"Nilidhani mtamwachia. Hana hatia."

"Sarafu yenye ugonjwa umeiokoa. Mtu umemwacha."

Sarafu ya nyota mbili ilikuwa zahanati, alisema Daktari, ndani ya taya ya plasta ya mgonjwa aliyekwisha kufa. Askari wawili wenye hati ya upekuzi walikwenda wakaileta ndani ya nusu saa. Damu ilikuwa bado imenasa kwenye ile nyota ya kulia.

Daktari Jino alitia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko mzuri. "Naomba kitu kimoja. Mwanangu asiambiwe habari za nyota. Semeni tuligombana, semeni lolote. Nilimchongea siku moja ya furaha, akaijengea maisha yake yote. Nimeua ili asijue."

"Anajua," alisema Inspekta. "Tangu mwaka juzi. Ameiondoa kwenye kitabu kwa mkono wake mwenyewe. Alinyamaza asikuvunje moyo."

Daktari aliwatazama mmoja mmoja, Inspekta, Sajenti, kioo, kama mtu anayetafuta wa kumkanushia. Kisha akaweka uso kwenye mikono yake na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mzima.

Mkamwana alitoka mahabusu saa kumi na moja, na Mkuu mwenyewe alimpa pole bila kumtazama machoni. Aliketi kwenye benchi la mapokezi na kumnyonyesha mtoto palepale, mumewe amemshika bega. Hakuuliza ni nani. Alikuwa amekwisha kumwona Daktari akipitishwa na pingu.

Mhadhiri alikuwa upande wa pili wa ukumbi, ameketi tangu saa kumi. Alisimama Inspekta alipotoka.

"Amesema?"

"Amesema."

"Kwa sababu ya ile nyota."

"Kwa sababu yako. Hakutaka ujue."

"Nikuulize, na unijibu ukweli. Mwaka juzi ningemwambia, 'Baba, nimeiona, na sijali, nakupenda vilevile.' Maneno hayo tu. Mzee Mpima angekuwa hai?"

Zipo njia nyingi za kulikwepa swali kama hilo, na Inspekta alizijua zote, maana miaka kumi na tisa alikuwa akiwaambia wafiwa maneno laini. Alimtazama mwanamke aliyekuwa akinyonyesha. Akamtazama huyu.

"Ndiyo," alisema.

Kisha akaenda kumwita Sajenti, kwa kuwa gari la mahabusu lilikuwa limefika mlangoni.